Jinsi ya kufanya utafiti wa kumbukumbu za shahidi, maamuzi ya juri na lawama kwa mwathirika bila kujiharibia data mwenyewe

Watu wengi wanaosoma saikolojia au sheria wakifika kwenye thesis wanavutwa na mambo ya mahakama. Shahidi alikumbuka vipi, kwa nini juri ilimuamini huyu ikamkataa yule, kwa nini aliyefanyiwa ukatili ndo analaumiwa wakati aliyefanya yupo pale pale. Mada tamu kweli. Shida ni kwamba unakuta mtu kakusanya majibu ya watu mia mbili, anakaa kuchambua, kumbe majibu aliyapanda mwenyewe kwenye maswali. Na hii fani ina kejeli yake hapo, maana makosa ambayo polisi anamfanyia shahidi ndo hayohayo mtafiti anamfanyia mshiriki. Kwa hiyo ukisoma huu mwongozo shika hilo moja tu: mshiriki wako ni shahidi, na wewe ndo unayemhoji. Kila unachomwambia kabla, wakati na baada kinaingia kwenye alichokumbuka.

Hatua ya 1: Chagua chumba kimoja

Kuna vyumba vitatu hapa. Kumbukumbu ya shahidi, maamuzi ya juri (wale raia wa kawaida wanaokaa kusikiliza kesi na kusema ana hatia au hana), na mitazamo ya watu kwa waathirika. Vina milango ya kuingiliana ila usijaribu kukaa kwenye vyote kwa mara moja, utaishia na dodoso la kurasa 14 ambalo hakuna mtu atalimaliza kwa akili timamu.

Kama umechagua kumbukumbu, kuna mgawanyo mmoja wa mwanasaikolojia Gary Wells wa mwaka 1978 ambao mpaka leo unasaidia kufikiri. Kuna mambo yanayoathiri kumbukumbu ambayo hakuna mtu anayeyatawala, mfano giza, umbali, hofu, kama mwizi alishika bunduki. Halafu kuna yale ambayo mfumo wenyewe unayatawala, yaani shahidi alihojiwa vipi, picha alionyeshwa vipi, nani alikuwepo chumbani. Mi nakushauri mwanafunzi aende kundi la pili. Kwanza ni rahisi kutengeneza, pili ukipata jibu kuna mtu anaweza kulitumia, maana huwezi kuwaambia polisi waongeze mwanga kwenye uhalifu ambao umeshatokea jana ila unaweza kuwaambia wabadilishe namna ya kuuliza.

Andika swali lako kwa sentensi moja ambayo inaweza kukataliwa na data. "Nataka kuchunguza kumbukumbu za mashahidi" hilo sio swali, hiyo ni hamu. "Shahidi akiambiwa kwamba mtu anaweza asiwepo kwenye picha, atachagua mtu asiye na hatia mara chache kuliko asiyeambiwa?" Hapo sasa tunaongea.

Hatua ya 2: Tengeneza tukio, na ubadilishe kitu kimoja tu

Hapa ndo pa kutumia muda mwingi. Tukio linaweza kuwa klipu fupi ya dakika moja au mbili, linaweza kuwa maelezo ya kesi kwenye karatasi, linaweza kuwa mtu anayeingia darasani akabeba begi akatoka. Chochote utakachochagua, kati ya kundi moja na lingine libadilike jambo moja, mengine yote yafanane mpaka nukta.

Angalia Elizabeth Loftus na John Palmer walivyofanya mwaka 1974. Wanafunzi 45 waliangalia filamu fupi za ajali za magari halafu wakaulizwa gari zilikuwa zinakwenda kasi gani, na kilichobadilika kwenye swali ni kitenzi tu. Waliopewa kitenzi kikali kuliko vyote walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa, waliopewa kile cha upole kabisa, cha kugusana, wakasema 31.8. Ajali zilezile. Kwenye jaribio la pili lenye watu 150 wakarudi baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na kwenye filamu hakukuwa na vioo vyovyote. Kwenye kundi la kitenzi kikali 16 kati ya 50 wakasema ndio tuliona, kundi la kitenzi cha kawaida 7, na wale ambao hawakuulizwa habari ya kasi kabisa 6.

Sasa cha kujifunza kwa anayetengeneza utafiti wake sio tu kwamba kumbukumbu inapinda, hilo kila mtu anaimba. Cha kujifunza ni unyofu wa muundo, neno moja basi. Ukiona unataka kubadilisha neno, na sauti ya anayeuliza, na muda wa kusubiri, na jinsia ya dereva, jua matokeo yakija hutajua nini kimefanya nini.

Kama unatumia kesi ya kuandika, aya iwe na uzito wa kutosha lakini isielemee upande wowote. Mfano wa aina ninayoisema:

*"Tarehe 9, saa mbili usiku, mlalamikaji alikuwa akirudi kutoka kazini. Alisema mshtakiwa, ambaye alimfahamu kwa miezi mitatu, alimfuata mpaka mlangoni akamsukuma ndani. Mshtakiwa anakubali kwamba alifika pale, anakataa kwamba alimsukuma. Mlalamikaji aliripoti polisi [usiku huohuo / baada ya siku kumi]."*

Hapo kwenye mabano ndo jaribio lote lilipo. Usiongeze "alikuwa amekunywa kidogo" kwa sababu unaona inanogesha, maana ukishaongeza hiyo umeshaanzisha jaribio lingine ndani ya lako na wala hukulipima.

Kabla ya kukusanya chochote fanya pailoti (jaribio dogo la awali) ya watu kumi na tano hivi uone wanagawanyika vipi. Kama wote wanasema ana hatia, kesi yako ni kali mno, hakuna nafasi ya kitu kubadilisha uamuzi. Kama wote wanasema hana, hivyohivyo. Unatafuta kesi inayowagawa watu, karibu nusu kwa nusu.

Hatua ya 3: Watenganishe washiriki

Hili wengi wanalipuuza kwa sababu linaonekana dogo. Mwaka 2003 Fiona Gabbert, Amina Memon na Kevin Allan waliwaonyesha watu video ya tukio moja lakini kwa kona mbili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ameona kilekile. Kona moja inaonyesha msichana akiiba pesa, nyingine haionyeshi. Baadaye wakaachwa wajadiliane wawili wawili. Asilimia 71 ya waliojadiliana walikuja kutaja angalau kitu kimoja ambacho wamekisikia kwa mwenzao tu, na wengi wakasema msichana ana hatia ingawa wizi wenyewe hawakuuona.

Kwa hiyo ukiwaweka washiriki thelathini kwenye ukumbi mmoja wanaangalia klipu halafu wanapumzika dakika kumi wakinong'onezana "umeona alivyotoa kisu?" basi huna washiriki thelathini, una kumbukumbu moja iliyosambaa. Kaa nao mmoja mmoja, au kama ni onlaini basi kila mtu na skrini yake. Na wale wanaotoka wakakutana na wanaoingia mlangoni, hao nao waambie wazi wasieleze kilichomo mpaka utafiti uishe, na kama darasa lina grupu la WhatsApp omba tena humohumo.

Kati ya klipu na maswali weka kazi ya kupitisha muda, mafumbo ya hesabu au kupanga herufi, dakika tano mpaka kumi na tano. Ukiweza kuwarudisha baada ya wiki ni bora zaidi maana shahidi wa kweli haulizwi dakika tano baada ya tukio, ila jiandae, kuna watu hawatarudi.

Hatua ya 4: Uliza kama mtu asiyejua

Mpangilio ni huu: kwanza mwache aeleze yote kwa maneno yake bila kumkata, halafu maswali ya wazi juu ya alivyotaja mwenyewe, mwisho kabisa ndo maswali ya moja kwa moja. Huu ndo uti wa mgongo wa mahojiano ya kiutambuzi ambayo Edward Geiselman na Ronald Fisher waliyajenga kuanzia miaka ya 1980, pamoja na kumrudisha mtu kiakili kwenye mazingira ya tukio, ulikuwa umesimama wapi, kulikuwa na sauti gani, ulikuwa unajisikiaje.

Linganisha haya mawili.

"Koti lake lilikuwa rangi gani?"
"Jeusi, nadhani."

"Nielezee alivyokuwa amevaa."
"Kiatu nakumbuka, kilikuwa cheupe. Juu sikuangalia vizuri."

Kwenye la kwanza umempa koti. Labda hakukuwa na koti. Na sasa amesema jeusi, wiki ijayo "nadhani" itadondoka njiani, atasema jeusi tu, kavu, na hadanganyi, ndivyo anavyoliona sasa kichwani. Pitia dodoso lako lote ukitafuta makoti ya namna hii, yaani kila nomino uliyoiweka wewe kabla yeye hajaitaja.

Kwenye kuhesabu majibu gawanya vitu vitatu: sahihi, vilivyokosewa (kitu kilikuwepo ila kasema vingine), na vilivyobuniwa (hakikuwepo kabisa). Usitoe alama moja ya jumla, maana mtu anaweza kusema machache yote sahihi na mwingine akasema mengi nusu yake hewa, na mahakamani hao ni mashahidi tofauti kabisa. Wahesabuji wawe wawili, kila mmoja peke yake na asijue karatasi ni ya kundi gani, halafu pima wanavyokubaliana kwa kappa ya Cohen, namba inayoonyesha wamekubaliana kiasi gani zaidi ya bahati tu.

Hatua ya 5: Gwaride la utambulisho

Gwaride ni ule mstari wa watu au picha anaoonyeshwa shahidi ili aseme mhalifu ni nani. Kama utafiti wako una kumtambua mtu kwa picha, kuna mambo ambayo hayana mjadala.

Lazima uwe na magwaride mawili, moja mhalifu yumo na lingine hayumo. Ukiwa na lile la "yumo" peke yake hutawahi kujua watu wangemchagua asiye na hatia mara ngapi, na hilo ndo swali zito kuliko yote. Roy Malpass na Patricia Devine mwaka 1981 waliigiza uharibifu mbele ya wanafunzi halafu wakawapa gwaride. Pale ambapo mhusika hakuwepo, walioambiwa kwa namna iliyoashiria kuwa yupo walichagua mtu kwa asilimia 78, walioambiwa wazi kwamba wanaweza wasimchague yeyote ikashuka mpaka asilimia 33. Ni maelekezo tu hayo! Kwa hiyo sentensi yako ya maelekezo iandike, iprinti, isomwe vilevile kwa kila mtu: "Mtu uliyemwona anaweza kuwepo au asiwepo kwenye picha hizi. Kama hayupo sema hayupo."

Watu wa kujazia kwenye gwaride wafanane na maelezo ambayo shahidi alitoa. Namna ya kuhakikisha ni rahisi, chukua watu ambao hawajaona klipu kabisa, wape maelezo tu ("mwanaume, miaka thelathini hivi, mwembamba, ndevu fupi") waambie wabahatishe ni nani. Kama wengi wanamwangukia mmoja basi gwaride limelala upande, mhusika anajitokeza tu kama mwenye ndevu kati ya wasio na ndevu. Idadi inategemea unataka kufanana na mfumo gani, Marekani mara nyingi ni picha 6, Uingereza na Wales lazima mtuhumiwa awe na wengine wasiopungua 8.

Anayeonyesha picha asijue mhusika ni nani. Sio kwamba atadanganya, ila atapumua tofauti, ataganda kidogo, atasema "angalia tena taratibu" mtu akikosea na atanyamaza akipatia.

Halafu uhakika. Muulize papo hapo, "una uhakika kiasi gani, 0 mpaka 100", kabla hajasikia neno lolote. Hapa kuna jaribio la Wells na Amy Bradfield la mwaka 1998 ambalo kila anayeingia fani hii alijue: watu 352 waliangalia video ya usalama yenye mtu mwenye bunduki, wakapewa picha ambazo huyo mtu hayumo, wote wakachagua mtu, yaani wote wamekosea. Baadhi wakaambiwa "vizuri, umemtambua mtuhumiwa." Hao baadaye wakasema walikuwa na uhakika zaidi tangu mwanzo, wakasema walimwona vizuri zaidi, wakasema walikuwa makini zaidi. Sentensi moja ya kupongezwa imebadilisha mpaka kumbukumbu ya namna walivyoangalia.

Na hii sio ya maabara tu. Ronald Cotton wa North Carolina alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 kwa ubakaji wa mwaka 1984, mpaka DNA ilipomtoa mwaka 1995. Mwathirika alikuwa mwanafunzi makini, alijilazimisha kukariri sura ya aliyemvamia, akamchagua Cotton kwenye picha baada ya kusitasita, akamchagua tena kwenye gwaride, akaambiwa huyo ndo yuleyule uliyemchagua kwenye picha, na kila hatua uhakika ukapanda. Kesi iliposikilizwa tena mwaka 1987, mhalifu wa kweli, Bobby Poole, aliletwa mahakamani mbele ya mwathirika, na mwathirika akasema huyu sijawahi kumwona. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini unahangaika kuuliza uhakika kabla ya mrejesho, mpe kesi hii. Uhakika wa mwanzo, ukichukuliwa kwenye gwaride safi, una maana kubwa, wa mahakamani miezi mingi baadaye umeshachanganyika na kila alichosikia njiani.

Hatua ya 6: Ukienda kwenye juri

Kwanza ukubali kwamba chumba halisi hutaingia. Watafiti wa chuo cha Chicago walirekodi majadiliano ya juri za kweli kule Wichita, Kansas mwaka 1954, ilipojulikana pakawaka moto, na mwaka 1956 Marekani ikatunga sheria ya kukataza. Uingereza huruhusiwi hata kumuuliza mjumbe walizungumza nini. Ndo maana tunatumia juri za kuigiza. Kuna njia ya pembeni pia, Harry Kalven na Hans Zeisel kwenye kazi yao ya 1966 waliwauliza majaji, kesi kwa kesi, kesi 3,576, wangeamua vipi wao wenyewe, na jaji na juri wakakubaliana asilimia 78 ya kesi. Kwenye zilizobaki mara nyingi juri ndo ilikuwa laini zaidi.

Juri ya kuigiza ina ngazi za uhalisia. Chini kabisa mtu mmoja anasoma ukurasa mmoja kwenye simu anabonyeza ana hatia au hana. Juu kabisa ni kama ule utafiti wa Scotland uliotoka 2019, juri 64, washiriki zaidi ya 900, wakaangalia filamu ya kesi ya kama saa nzima halafu wakajadiliana mpaka dakika 90. Wewe hela hiyo huna, sawa, ila kuna vitu vya bei rahisi ambavyo usiviache: maelekezo ya jaji juu ya nani anabeba mzigo wa kuthibitisha na kwamba hatia ithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi, ushahidi wa pande zote mbili, na kuchuja washiriki wawe watu ambao kweli wangeweza kuitwa kwenye juri ya nchi unayoiiga. Kuhusu kutumia wanafunzi peke yao, Brian Bornstein alipitia tafiti nyingi mwaka 1999 akaona tofauti kati yao na watu wa mtaani mara nyingi ni ndogo, lakini profesa wako atauliza tu, jiandae.

Angalia pia mpangilio wa ushahidi. Nancy Pennington na Reid Hastie walionyesha kwamba watu hawajumlishi ushahidi kama karani, wanajenga hadithi, na hadithi inayokaa vizuri ndo inashinda. Mwaka 1988 walichukua ushahidi uleule. Upande wa mashtaka ulipopangwa kama hadithi na utetezi ukapangwa kwa shahidi mmoja mmoja, asilimia 78 walisema ana hatia, walipogeuza ikawa 31. Kwa hiyo usije ukaandika upande wa mashtaka kwa mtiririko mtamu kwa sababu umeuandika asubuhi una nguvu, halafu utetezi ukauandika kama orodha ya dukani.

Chukua uamuzi mara mbili, kabla ya kujadiliana (kila mtu kwa siri) na baada. Uliza hukumu ya ndio au hapana, uwezekano wa hatia 0 mpaka 100, na sababu kwa maneno yao. Rekodi mjadala kwa ridhaa yao, maana mara nyingi dhahabu iko humo, nani aliongea wa kwanza, hoja gani ilizama, nani alibadilika na kwa nini.

Sasa kosa linaloua thesis nyingi: umepata juri 10 za watu 12, unaandika una washiriki 120. Hapana. Waliokaa chumba kimoja wameambukizana, majibu yao baada ya mjadala hayajitegemei. Kwa hukumu ya kundi una 10. Kwa majibu ya mtu mmoja mmoja tumia uchambuzi wa ngazi nyingi unaojua nani alikaa na nani. Kama huwezi kupata makundi ya kutosha, bora uache mjadala kabisa, ubaki na uamuzi wa mtu mmoja mmoja na uandike hivyo waziwazi.

Hatua ya 7: Mitazamo kwa waathirika

Mzizi wa eneo hili ni Melvin Lerner na Carolyn Simmons, 1966. Wanafunzi wa kike waliangalia mwenzao akiwa kama anapigwa shoti za umeme kila akikosea (alikuwa anaigiza). Walipoamini kwamba mateso yataendelea na hawawezi kumsaidia, walianza kumshusha thamani, kumwona si mtu wa kupendeza. Maelezo yao yakawa kwamba tunataka dunia iwe ya haki, kwa hiyo mtu akiumia bila sababu inabidi tumtafutie sababu.

Vipimo vipo tayari, usivibuni upya. Martha Burt alitoa kipimo cha imani potofu kuhusu ubakaji mwaka 1980, kikafuata cha Illinois mwaka 1999 chenye vipengele 45, na kuna toleo lake jipya lililofupishwa. Vipimo vikongwe vina tatizo moja, siku hizi watu wanajua jibu la kupendeza, kila kitu wanasema sikubali kabisa, na data yote inalala sakafuni. Ndo maana mwaka 2007 Heike Gerger na wenzake walitoa kipimo chenye sentensi 30 za kimyakimya zaidi, zile ambazo mtu anakubali bila kujishtukia. Ukitafsiri vipengele, mtu mwingine asiyeona vya mwanzo avirudishe kwenye lugha ya awali mlinganishe, halafu waulize watu watano sita kila kipengele wamekielewaje kwa sauti. Kwenye mada hii sentensi inaweza kukaa vizuri kisarufi huku ikipima adabu ya mtu badala ya imani yake.

Mpangilio: ukimpa mtu kipimo cha imani potofu kabla ya kesi umemwamsha, atasoma kesi akijua unatafuta nini. Ukimpa baada, kesi inaweza kuwa imempaka rangi. Njia salama ni kuvitenganisha kwa siku kadhaa, au basi nusu wapate hivi nusu wapate vile, upime kama mpangilio umeleta tofauti.

Na usiulize "unamlaumu kiasi gani" ukadhani umemaliza. Mtu anaweza kusema hamlaumu kabisa ila angeweza kuepuka. Mwingine anamwamini ila anaona ushahidi hautoshi. Tenganisha lawama, kuaminika na hukumu, kila kimoja na maswali yake.

Mfano wa muundo mzuri kabisa ni wa watafiti wa Norway, Geir Kaufmann na wenzake, 2003. Mwigizaji mmoja alitoa maelezo yaleyale ya ubakaji, neno kwa neno, mara akilia na kuonyesha uchungu, mara bila hisia, mara akiwa mchangamfu. Waliomwona analia walimwamini zaidi. Walipokuja kuwapa majaji wa kweli video hizo miaka mitatu baadaye, majaji hawakuyumbishwa na hisia hizo. Ona jinsi swali lilivyo safi, mtu huyohuyo, maneno hayohayo, sura tu.

Hatua ya 8: Usimuumize mtu

Hesabu kwamba kwenye kila kundi la washiriki kuna aliyepitia. Sio labda, weka kama uhakika. Kwa hiyo tangazo la kuwaita liseme wazi kesi inahusu nini, wasikutane nayo ukurasa wa tatu. Kila ukurasa uwe na kitufe cha kutoka, na kutoka kusimnyime posho yake. Maelezo ya ukatili yawe machache kuliko unavyodhani unahitaji, ule undani wa kutisha mara nyingi hauongezi chochote kwenye kipimo. Namba ya msaada iwepo mwanzo na mwisho, na uipigie mwenyewe kwanza uone inapokelewa.

Halafu maelezo ya mwisho. Uliyempandikizia koti jeusi mwambie koti halikuwepo. Aliyemchagua mtu asiye na hatia mwambie karibu kila mtu anaweza kufanya hivyo kwenye mazingira hayo, asiende nyumbani akijiona mjinga. Na aliyesoma vipengele thelathini vinavyomlaumu mwathirika asiondoke hivihivi, mweleze kwamba hizo sentensi ni imani potofu zinazopimwa na wewe huziungi mkono. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie kabla hata ya pailoti.

Hatua ya 9: Idadi, uchambuzi, na kuhifadhi

Haya mepesi kidogo. Gwaride linatoa jibu moja kwa mtu mmoja, kwa hiyo unahitaji mamia, sio makumi. Piga hesabu ya nguvu ya jaribio kabla (yaani unahitaji watu wangapi ili tofauti ikiwepo uione) kwa programu ya G*Power, ni bure. Sajili mpango wako mapema kwenye tovuti ya Open Science Framework ukiandika utamtoa nani na kwa sababu gani, maana baada ya kuona data kila mshiriki aliyeharibu matokeo ataonekana hakuwa makini. Weka swali moja la kupima umakini, mawili yakizidi. Hukumu ya ndio au hapana ichambuliwe kwa rigresheni ya lojistiki, njia ya takwimu ya majibu yenye pande mbili tu.

Kwenye kuandika kuna mtego mmoja, wakili au mwandishi wa habari atasoma kazi yako atakuuliza, basi huyu shahidi wa kesi hii amekosea? Jibu lako ni kwamba utafiti unasema hali fulani inaongeza makosa kwa watu wengi, haiwezi kusema huyu mmoja kakosea au kapatia. Iandike hiyo kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti kwa maneno hayohayo.

Vitu vya kuhifadhi pamoja na data: klipu yenyewe, maelekezo yaliyosomwa neno kwa neno, picha za gwaride na matokeo ya kule kubahatisha, matoleo yote ya kesi. Bila hivyo hakuna anayeweza kurudia kazi yako. Ila picha za watu wa kujazia usizipandishe mtandaoni kabla hujapata ridhaa yao ya maandishi kwa ajili ya hilo hasa, walikubali kupigwa picha ya utafiti, hawakukubali sura zao zikae kwenye intaneti kwenye folda iliyoandikwa "watuhumiwa".